Vita katika Vitabu vya Picha vya Watoto: Majibu kwa Wasomaji

Barua nne tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja, ingawa wenye barua hizo hawajuani: namna ya kutumia vitabu vya picha kuwaeleza watoto habari za vita. Tumezifupisha kidogo, lakini hoja za waandishi wake hatukuzigusa.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya msingi mkoani Mwanza. Shule yetu ilipokea maboksi ya vitabu vya msaada, na humo mlikuwa na kitabu cha picha kuhusu bomu la atomiki la Hiroshima, kilichoandikwa na kuchorwa na Toshi Maruki. Niliwaonyesha wanafunzi picha zake huku nikiwasimulia kwa Kiswahili. Walisikiliza kwa utulivu ambao sijawahi kuuona darasani. Siku iliyofuata mzazi mmoja alifika shuleni akilalamika kwamba mwanawe ameonyeshwa watu walioungua, tena wakiwa uchi. Mkuu wa shule ameagiza kitabu kifungiwe kabatini hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Je, ni sahihi kuwafundisha watoto wa miaka tisa au kumi habari za vita kwa picha za namna hiyo?
*Mwalimu wa Darasa la Nne, Mwanza*

Mwalimu, pole kwa usumbufu na hongera kwa kazi. Inafaa, na kitabu hicho hasa kinafaa, mradi kisiachwe kifanye kazi peke yake. Naomba nieleze kwa kirefu, kwa kuwa mzazi aliyelalamika anastahili jibu lililo bora kuliko kuambiwa kwamba watoto wa siku hizi wanaona mabaya zaidi kwenye simu.

Toshi Maruki hakuyatoa yale kichwani mwake. Alizaliwa Hokkaido mwaka 1912, akaolewa na mchoraji mwenzake, Iri Maruki, ambaye kwao ni Hiroshima. Bomu lilidondoshwa tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi. Siku chache baadaye Iri alikwenda kuwatafuta jamaa zake, na mkewe akamfuata. Waliyoyaona yalikaa ndani yao kwa miaka, na kuanzia mwaka 1950 wakawa wanaonyesha hadharani michoro mikubwa ambayo watu walioungua wameijaza kutoka ukingo hadi ukingo. Kitabu cha watoto, *Hiroshima no Pika*, kilikuja baadaye sana, mwaka 1980, na msingi wake ni simulizi ya mwanamke aliyemfuata Maruki kwenye maonyesho akamweleza jinsi alivyombeba mumewe mgongoni huku akimkokota mtoto kwa mkono. Watu wako uchi kitabuni kwa sababu moto uliwaunguzia nguo mwilini. Mchoraji angewavisha, angekuwa amesema uongo juu ya silaha yenyewe, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ningemweleza yule mzazi.

Hata hivyo, picha kuwa ya kweli hakutoshi kuifanya imfae mtoto, na hapa ndipo ustadi wa Maruki unapoonekana. Kufikia mwisho wa mwaka 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa kutokana na bomu lile. Katika umati huo wote yeye amechagua familia moja: Mii mwenye umri wa miaka saba, mama yake na baba yake, wakiwa mezani asubuhi wanakula viazi vitamu. Mwanga unapiga, nyumba inawaka, mama anamfunga baba majeraha, anambeba, wanakimbilia mtoni. Njiani kuna mbayuwayu aliyeungua mbawa, hawezi kuruka tena, anadundadunda chini. Na mkononi mwa Mii mna vijiti vya kulia ambavyo alikuwa amevishika mezani. Siku kadhaa baadaye bado anavyo, kwa kuwa vidole vimekakamaa, mpaka mama yake anavifungua kimoja baada ya kingine. Idadi ya 140,000 haimwambii kitu mtoto wa darasa la nne, na nikisema kweli sisi wakubwa pia tunaitamka tu. Mkono uliogoma kufunguka, hata hivyo, mtoto anaujua, kwa sababu yeye mwenyewe amewahi kukishikilia kitu kwa hofu. Nadhani hicho ndicho kilicholituliza darasa lako.

Kuna sababu nyingine ya kukipa kitabu cha picha nafasi ambayo runinga na simu hazistahili kupewa. Kwenye kitabu, mtoto ndiye anayeamua aitazame picha kwa muda gani. Anaweza kurudi kurasa mbili nyuma kuhakikisha kwamba mama bado yupo, anaweza kuifunika picha kwa kiganja na kuchungulia kati ya vidole, anaweza kuuliza swali wakati picha ingali mbele yake. Picha ya video humjia bila hodi na huondoka kabla swali halijaundika. Ndiyo maana siwashauri walimu waonyeshe filamu za vita kwa watoto wa umri huo, hata zile zilizochorwa kama katuni.

Sasa nitaje kasoro, maana kitabu kizuri nacho kina mipaka. Simulizi ya Mii inaanzia mezani siku ile ile ya bomu. Haielezi kwamba jeshi la Japani lilikuwa limeivamia China kwa vita kamili tangu mwaka 1937, wala kwamba lilikuwa limezitwaa nchi nyingi za Asia ya Kusini-Mashariki na kuwatenda vibaya wenyeji wake. Mtoto anayefunga kitabu hapo anabaki na bomu lisilo na kisa nyuma yake, Wajapani wakiwa wahanga tu na Wamarekani wakiwa waovu tu. Mwandishi hana lawama, kwa kuwa hakuwa akiandika kitabu cha historia. Ni kazi ya mwalimu kusimama mbele ya ramani kwa dakika kumi kabla ya ukurasa wa kwanza na kueleza nani alikuwa akipigana na nani, na kwamba serikali ya Japani iliyoanzisha vita hivyo haikumwuliza Mii wala mama yake.

Kuhusu kabati la mkuu wa shule, yako yaliyotokea Japani kwenyewe yanayofaa kukumbukwa. Keiji Nakazawa, aliyekuwa na umri wa miaka sita bomu lilipoanguka mjini kwao, alianza mwaka 1973 kuchapisha hadithi ndefu ya katuni kuhusu kijana aitwaye Gen, na kwa miaka mingi vitabu vyake vilikaa wazi katika maktaba za shule. Mwishoni mwa mwaka 2012, bodi ya elimu ya mji wa Matsue iliziagiza shule zake ziviondoe kwenye rafu za wazi, na mwanafunzi asipewe mpaka aombe ruhusa. Agosti 2013, baada ya wananchi kupiga kelele, agizo likafutwa. La kuvutia ni kurasa zilizolalamikiwa. Kelele hazikuhusu sana watu walioungua kwa bomu. Zilihusu michoro inayoonyesha ukatili wa askari wa Kijapani katika nchi nyingine za Asia. Tangu niliposoma habari hiyo, kila nisikiapo kwamba kitabu cha vita kimefichwa watoto wasiogope, huuliza kwanza ni ukurasa gani hasa unaomwogopesha mtu mzima.

Simtuhumu mkuu wako kwa hilo. Amebanwa na malalamiko, na kufunga kabati ni rahisi kuliko kuitisha kikao. Mwombe akuruhusu uitishe kikao hicho na wazazi wa darasa lako, uwasomee kitabu chote kuanzia jalada hadi jalada, kwa sauti, kama ulivyowasomea watoto. Mzazi aliyeona picha moja kwa kusimuliwa na mtoto hajaiona hadithi. Kisha kubalianeni kwamba kitabu kitakaa kwako na kitasomwa mbele ya mtu mzima, kwamba mtoto asiyetaka kutazama ataruhusiwa kwenda kuchora au kusoma kitu kingine bila kuchekwa, na kwamba hakitasomwa kipindi cha mwisho, watoto wakapelekwa nyumbani na hofu mbichi. Kisomwe asubuhi, baada yake kuwe na muda wa maswali, kisha mapumziko na michezo. Usiwape jaribio. Mtoto akishajua kwamba ataulizwa Mii alikuwa na miaka mingapi, ataacha kumwangalia Mii na kuanza kukariri.

Kwa madarasa ya chini, la kwanza na la pili, Hiroshima isubiri. Wako wachoraji wanaotumia wanyama. Mrusi Nikolai Popov, kwa mfano, alitoa mwaka 1995 kitabu kisicho na neno hata moja ndani yake: chura ameketi na ua lake, panya anatokea ardhini na mwavuli, anamnyang'anya ua, wenziwe wa pande zote mbili wanaingia, na mwishoni mbuga yote imeteketea. Kinasomeka kwa lugha yoyote, na watoto wa miaka sita huweza kukisimulia wenyewe. Kisiwe kikomo tu. Vitabu vya aina hiyo huwapa chura na panya makosa yanayokaribia kulingana, na mtoto akikulia hapo atadhani vita vyote ni ugomvi wa wajinga wawili. Katika vita vingi vya kweli kuna aliyevamia na kuna aliyevamiwa.

Mhariri mpendwa, mjukuu wangu wa miaka saba alisomewa hadithi ya tembo wa bustani ya wanyama ya Tokyo waliouawa kwa njaa wakati wa vita. Alilia mpaka akakataa chakula cha jioni, na sasa hataki hata kukiona kitabu hicho. Mama yake anasema hiyo ndiyo faida yenyewe, kwamba mtoto amejua vita ni vibaya. Mimi ni mtu mzima, sijasoma sana, ila moyo wangu unakataa. Nani mwenye haki kati yetu?
*Bibi wa wajukuu watano, Tanga*

Shikamoo Bibi. Moyo wako umeona vizuri, na nitakupa sababu za kumweleza mwanao bila kugombana.

Hadithi hiyo iliandikwa na Yukio Tsuchiya mwaka 1951, ikapata umaarufu mkubwa Japani. Kwa miaka mingi ilisomwa redioni kila tarehe 15 Agosti, siku ya kumalizika kwa vita. Kisa chake kina asili ya kweli. Bustani ya Ueno ilikuwa na tembo watatu, John, Tonky na Wanly. Ulipotolewa uamuzi wa kuua wanyama wakali, tembo walikataa viazi vilivyotiwa sumu, wakaachwa bila chakula hadi wakafa, kati ya Agosti na Septemba 1943. Kitabuni inaelezwa kwamba jambo hilo lililazimika kwa sababu mabomu yalikuwa yakiunyeshea mji, na ikiwa uzio ungevunjika, wanyama wangetoka na kuua watu.

Hapo ndipo pana tatizo. Mwaka 1943 mabomu hayakuwa yakiinyeshea Tokyo. Mji ulikuwa umeshambuliwa kwa ndege za Marekani mara moja, Aprili 1942, na mashambulizi makubwa yalianza Novemba 1944, zaidi ya mwaka mmoja baada ya tembo kufa. Aliyeamuru wanyama wauawe ni gavana wa Tokyo, Shigeo Odachi. Uongozi wa bustani ulijaribu kumhamishia tembo mmoja Sendai, gavana akakataa. Tarehe 4 Septemba 1943 ikafanywa ibada ya hadhara ya kuwaombolezea wanyama waliouawa kwa ajili ya taifa, na wakati huo tembo wawili walikuwa bado hai, wanakufa kwa njaa nyuma ya mapazia. Wahakiki wa Kijapani wameyaeleza haya tangu miaka ya 1980, na hoja yao naiona ina nguvu: wakubwa walitaka wananchi wazoee fikra ya kutoa sadaka, na vifo vya wanyama vilikuwa funzo.

Mjukuu wako alilia kwa sababu kitabu kilimpa huzuni bila kumpa mtu wa kumwuliza swali. Wahudumu wanalia, tembo wanakufa, mabomu yanaanguka, na hakuna anayeamua chochote; vita vinakuja kama mafuriko. Mtoto anayefundishwa vita kwa namna hiyo anajifunza kusikitika tu. Sisemi machozi ni mabaya, na kitabu cha vita kisichomgusa mtoto kabisa kitakuwa kimepunguza uzito wa jambo. Lakini baada ya machozi lazima pawe na swali la kawaida kabisa ambalo mtoto wa miaka saba analiweza: nani alisema wasipewe chakula? Kwa nini yeye ndiye aliyesikilizwa?

Kwa hiyo, Bibi, usimlazimishe kukifungua tena kitabu. Siku mkiwa mmetulia, pengine jikoni mkichambua mchele, mwambie kwamba umepata habari zaidi za wale tembo. Mwambie kulikuwa na gavana aliyetoa amri, na kulikuwa na watu waliojaribu kumwokoa mmoja wakazuiwa. Kisha mpe na sehemu hii, ambayo ni ya kweli na kitabu hakina: vita vilipokwisha, watoto wa Tokyo walimwandikia barua Jawaharlal Nehru, Waziri Mkuu wa India, wakimwomba tembo, naye mwaka 1949 akawapelekea tembo aliyeitwa Indira, jina la bintiye. Watu walijazana Ueno kumlaki. Haitafuta habari ya wale watatu, wala haipaswi kuifuta, ila mjukuu wako atakuwa na mahali pa kuendelea kuuliza. Na mwanao mwambie kwa upole kwamba mtoto kukataa chakula si kipimo cha kuelewa.

Mimi hujitolea kwenye kona ya kusomea ya watoto katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Wengi wa watoto wetu wametoka Kongo na Burundi, na baadhi wameyaona kwa macho yao mambo ambayo sitayaandika hapa. Tumepewa fedha kidogo za kununua vitabu. Je, tununue vitabu vya picha vinavyohusu vita na ukimbizi, ili watoto wajione humo?
*Mjitoleaji, Kasulu*

Ndugu, kama fedha ni kidogo, msianzie hapo. Kitabu cha vita humfaa zaidi mtoto ambaye hajaviona vita. Kwa aliyeviona, picha inayomshangaza mwenzake wa Mwanza inaweza kuwa ndiyo ile ile anayoamka nayo usiku, na wewe hujui ukurasa upi utaigusa. Nunueni kwanza hadithi za sungura na fisi, vitabu vya kuchekesha, vitabu vyenye masoko, maziwa na ngoma za kwao, katika Kiswahili na Kirundi. Kule Kigali, mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari, Agnès Gyr-Ukunda alianzisha shirika la uchapishaji la Bakame, lililotoa vitabu vya watoto katika Kinyarwanda, nalo likabeba jina la sungura wa hadithi za jadi. Nchi ilikuwa na mahitaji elfu wakati ule, na bado mtu aliona kwamba sungura hawezi kungojea.

Fedha zikibaki, nunueni karatasi na rangi. Mchoraji Friedl Dicker-Brandeis alipofungwa na Wanazi katika geto la Terezín mnamo Desemba 1942, aliwafundisha watoto wa humo kuchora, na wengi walichora maua, vipepeo, meza za nyumbani kwao, madirisha. Hakuwalazimisha kuchora kilichowapata. Kabla ya kupelekwa Auschwitz, ambako aliuawa Oktoba 1944, alificha masanduku mawili yenye michoro ipatayo 4,500, ambayo leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Kiyahudi mjini Prague. Wengi wa watoto walioichora waliuawa pia.

Mtoto wako akichora bunduki, usimnyang'anye karatasi, usimsifu kupita kiasi, wala usimhoji. Keti karibu naye. Akitaka kueleza, ataeleza. Na ukiona anachora jambo lile lile kila siku, au ameacha kulala na kucheza, wajulishe wahudumu wa ustawi wa watoto waliopo kambini, kwa kuwa hapo tumeshavuka mipaka ya kitabu. Kama baadaye mtoto mwenyewe ataomba hadithi ya watu waliokimbia kama wao, mtafutieni, na msome nawe ukiwa umekisoma peke yako kwanza.

Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sanaa hapa Dar es Salaam na nina ndoto ya kutoa kitabu cha picha cha watoto kuhusu Vita vya Majimaji. Kila ninayemshirikisha ananiambia nichore mashujaa wenye mikuki ili watoto wajivunie. Wengine wanasema nisiandike habari ya maji kwa sababu watoto watawacheka wazee wetu. Nifanyeje?
*Mwanafunzi wa Sanaa, Dar es Salaam*

Mdogo wangu, barua yako imenifurahisha kuliko nyingine zote, kwa sababu tumezungumza mno habari za Tokyo na Hiroshima ilhali watoto wa Kilwa, Liwale na Songea wanapita juu ya ardhi yenye kisa chao wenyewe.

Wanaokushauri uchore mashujaa wanataka jambo jema, ila wanakupunguzia hadithi. Anzia penye pamba. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba katika shamba ambalo serikali ya Wajerumani iliwalazimisha kulilima, wakiacha mashamba yao ya chakula. Mkono unaong'oa mche wa pamba ni picha ambayo mtoto yeyote aliyewahi kutumwa kupalilia ataielewa. Ukishaweka hapo sababu, maji ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe hayatachekesha. Ukiyaweka peke yake, bila kodi, bila viboko, bila pamba, yatawafanya wazee wetu waonekane wajinga waliodhani maji yanazuia risasi. Ukiyaweka baada ya hayo, mtoto ataona kitu kilichowaunganisha watu wa makabila mengi waliokuwa hawajawahi kupigana bega kwa bega. Mtoto akiuliza kama maji yalifanya kazi, mwambie hayakufanya. Kwenye boma la Mahenge bunduki za rashasha ziliua wengi mno. Kinjekitile mwenyewe alinyongwa mapema, Agosti 1905, na vita vikaendelea bila yeye hadi mwaka 1907.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa lichukue nusu ya kitabu chako. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko waliokufa kwa njaa. Chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, majeshi ya Wajerumani yaliamua kuimaliza vita kwa kuchoma vijiji, mashamba na vihenge vya nafaka. Makadirio ya vifo yanaanzia watu 75,000 na kufikia 300,000. Chora kihenge. Kichore kimejaa, watoto wakicheza chini yake, kisha kichore siku ya moto, kisha uwachore watoto wale wale wakichimba mizizi porini. Huhitaji kuchora maiti hata moja, na mtoto ataelewa vita vilifanya nini. Na usisahau kuwachora askari Waafrika waliokuwa wakiwasha moto kwa amri ya maafisa wa Kizungu. Walikuwepo, na mtoto atakapolikuta hilo ukubwani bila kuambiwa mapema, hatakuamini tena katika mengine. Ni ukurasa mgumu. Wengi watakushauri uuache, kama wale wa Matsue.

Kuwa mwangalifu na tarakimu na tarehe, kwa sababu kosa la kitabu cha watoto huishi muda mrefu. Kisa cha Sadako Sasaki, msichana wa Hiroshima aliyefariki kwa saratani ya damu mwaka 1955 akiwa na miaka 12, kimeenea duniani kupitia kitabu cha Eleanor Coerr cha mwaka 1977, kinachosema alikunja korongo 644 wa karatasi akafa kabla ya kufikisha 1,000. Ndugu zake na makumbusho ya Hiroshima wanasema alivuka 1,000 na kuendelea. Mwandishi alipata mwisho wenye kuliza zaidi, na walimu wa nchi nyingi wanaurudia hadi leo. Wewe nenda Songea, katika Makumbusho ya Majimaji, penye kumbukumbu ya viongozi wa Wangoni walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Kisha utafute maktabani masimulizi ya wazee yaliyokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa chuo kikuu hapo Dar es Salaam chini ya mradi wa utafiti wa Majimaji. Humo utapata mambo ya jikoni na shambani ambayo ripoti za Wajerumani hazina.

Vitabu vya picha kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa sababu ya namna karatasi zinavyokunjwa kiwandani, kwa hiyo nafasi ya kupoteza huna. Kabla ya kutia rangi, chukua rasimu yako ya penseli uipeleke kwenye darasa la nne la shule yoyote iliyo jirani, uwasomee, unyamaze, uandike maswali yao yote. Mahali watakapouliza swali ambalo wewe mwenyewe huna jibu lake, rudi maktabani kabla hujarudi kwenye rangi. Ukishakuwa na rasimu hiyo, tuletee nakala hapa ofisini; tuna walimu wawili wa historia miongoni mwa waandishi wetu, na watafurahi kuipitia.